Changamwe, Mji Uliopikwa kwa Mabomba

Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na siku chache baadaye zikaipiga Trincomalee. Bandari hizo mbili za Ceylon ndizo zilizokuwa tegemeo la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi. Admeri James Somerville aliona hapakaliki, akazileta Kilindini manowari zake kubwa na kongwe. Kisiwa cha Mombasa kikafurika mabaharia, na vitu vilivyokosa nafasi vikavushwa kwenye tuta la Makupa hadi bara. Kwenye tambarare ya Port Reitz, upande wa Changamwe, wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini walijenga kiwanja cha ndege, na kati ya 1942 na 1944 kikatumiwa na ndege za jeshi la wanamaji la Uingereza. Leo abiria wanakijua kama Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi.

Ni rahisi kusema kwamba vita ndivyo vilivyoizaa Changamwe ya viwanda. Lakini kiwanja cha ndege hakizai mji peke yake, na ushahidi uko kando ya reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi.

Mackinnon Road imo ndani ya nyika kavu ya Taru, kabla ya kufika Voi. Kuanzia 1947 jeshi la Uingereza lilianza kujenga pale maghala makubwa ya kuhifadhi shehena zake za Mashariki ya Kati. Reli ilikuwepo, barabara ilikuwepo, na ardhi tambarare ilikuwa tele. Baada ya miaka michache mradi ukaachwa, na wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni majengo yakageuzwa kambi ya kuwazuilia watu. Leo wasafiri wengi wanapajua kwa sababu ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, kando ya reli. Mahali pale palikuwa na mteja mmoja tu, na mteja huyo alipoondoka hakuna mwingine aliyekuwa na haja napo.

Changamwe ilikuwa na wateja wengi. Iko kwenye mgongo wa ardhi unaotazama Kilindini upande mmoja na hori la Port Reitz upande mwingine. Kila behewa lililotoka kisiwani tangu reli ilipoanza kutandikwa 1896 lilipita hapo. Chini yake, Kipevu, kuna kina cha kutosha meli kubwa. Kilichokosekana kilikuwa maji.

Kwa miaka mingi Mombasa ilitegemea maji ya Marere, kwenye vilima vya Shimba, ambayo hayangetosha mji na viwanda pamoja. Jawabu lilipatikana Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huchujwa na mawe ya volkeno na kuibuka ikiwa safi. Bomba la kutoka huko lilianza kazi 1957. Lina urefu wa kilomita 220 hivi, linakatiza nyika ya Taru, na linapitisha takriban mita za ujazo 35,000 za maji kwa siku bila pampu ya kuyasukuma. Chemchemi iko juu, pwani iko chini, na tofauti hiyo ya kimo ndiyo injini.

Mtu akisikia hivyo atadhani kazi ilikuwa nyepesi. Bomba la mteremko lina masharti yake. Likishuka bondeni, uzito wa maji yaliyo nyuma yake huongeza shinikizo hadi chuma kinaweza kupasuka. Likipanda kilima, hewa hujikusanya kileleni na kuziba njia, kwa hiyo panahitajika vali ya kuitoa. Likipandishwa juu kupita kiasi, maji hayafiki kabisa. Njia yote lazima ipimwe hatua kwa hatua kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa. Mwisho wa safari maji huingia kwenye matangi ya Mazeras, kisha hushuka Changamwe kabla ya kuvuka kwenda kisiwani.

Maji yalipofika, mafuta yakafuata. Mwaka 1960 Shell na BP walisajili kampuni ya kiwanda cha kusafishia mafuta, na 1963 kikaanza kazi Changamwe. Utaratibu ulikuwa huu: meli inatia nanga Kipevu, mafuta ghafi yanasukumwa kupanda mgongoni hadi kwenye matangi, kisha yanachemshwa ndani ya mnara mrefu. Mvuke mwepesi hupanda juu na kuwa petroli, wa katikati huwa mafuta ya taa na dizeli, na mafuta mazito hubaki chini. Mtambo wa pili uliongezwa 1974.

Kisha likaja bomba la kwenda Nairobi, lililoanza kazi 1978 likiwa na upana wa inchi 14. Hili ni kinyume cha lile la Mzima: maji yanateremka, mafuta yanapandishwa zaidi ya mita 1,600. Kituo cha kwanza cha pampu kilikuwa Changamwe. Vingine vya mwanzo vilikuwa Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Kufikia 2008 vikaongezwa vya katikati yao, Samburu, Manyani, Makindu na Konza, na mtiririko ukapanda kutoka lita 440,000 kwa saa hadi 880,000. Katika bomba la namna hii mafuta ya aina zote hupita humo humo. Dizeli husukumwa nyuma ya petroli, mafuta ya ndege nyuma ya dizeli, bila ukuta wowote kati yake. Zinapokutana huchanganyika kidogo, na fundi aliye mwisho wa bomba hutazama uzito wa mafuta ukibadilika, akafunga tangi hili na kufungua lile, na kipande kilichochanganyika akakitenga.

Kiwanda chenyewe cha kusafishia mafuta ndicho kilichochoka kwanza. Kilijengwa kuchemsha na kutenga tu. Hakikuwa na mtambo wa kuyavunja yale mafuta mazito ya chini yakawa petroli. Kila shehena iliacha mafuta mazito mengi yasiyo na bei, huku viwanda vya Ghuba na India vikikamua faida hadi tone la mwisho. Septemba 2013 kikaacha kusafisha mafuta. Matangi hayakufa: mafuta ghafi ya Turkana yaliletwa humo kwa malori, na Agosti 2019 mapipa 200,000 yakasafirishwa kwenda kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2023 Kampuni ya Bomba la Mafuta ikakichukua kiwanda chote.

Ikiwa mabomba yalipangwa kwa uangalifu wote huo, watu walipangwa vipi?

Hapa inafaa kuutazama mji wa Henderson, katika jangwa la Nevada, Marekani. Mwaka 1941 serikali ilianza kujenga huko kiwanda kikubwa cha magnesi kwa ajili ya ndege za kivita na mabomu. Umeme ulitoka bwawa la Hoover, na maji yalivutwa kwa bomba kutoka ziwa Mead. Lakini pamoja na kiwanda zilijengwa nyumba zipatazo 1,000, ingawa Weusi walitengewa mtaa wao, Carver Park. Kiwanda kilifungwa 1944. Nyumba zikabaki, jimbo likanunua mitambo, na 1953 Henderson ikatangazwa mji. Leo ina wakazi zaidi ya 300,000.

Mombasa mambo yalikwenda kinyume. Vita vilileta vibarua kwa maelfu, vyumba vikapanda bei, mshahara ukabaki palepale. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, na bandari na reli zikasimama. Chege Kibachia, kiongozi wa chama kilichozaliwa na mgomo huo, aliishia kuhamishiwa Kabarnet, Baringo. Nyongeza za mshahara zilitolewa, na katika miaka iliyofuata manispaa ikajenga mitaa ya wafanyakazi, mmojawapo Changamwe. Haikuwatosha wote waliokuja.

Waliobaki walijihudumia wenyewe kwa utaratibu ambao Likoni na Kisauni wanaujua vilevile: nyumba bila ardhi. Mtu anakodi kiwanja kwa mwenye shamba, anajenga nyumba ya Kiswahili yenye ujia katikati na vyumba huku na huku, kisha anapangisha chumba kimoja kimoja. Choo na jiko viko uani. Nyumba ni yake, ardhi si yake, na anaweza kuambiwa ahame. Kwa hiyo benki haimkopeshi, naye haoni kwa nini atandaze bomba la majitaka kwenye kiwanja cha mwenzake. Mitaa ya Chaani, Magongo na Migadini ilipokea wafanyakazi wengi wa viwandani kwa njia hiyo. Ndiyo maana mitaa iliyo chini ya bomba la Mzima bado inanunua maji kwa mtungi wa lita 20, kutoka kwa kijana anayevuta mkokoteni.

Ukaribu wa nyumba na kiwanda una gharama nyingine. Henderson waliijua tarehe 4 Mei 1988, kiwanda cha kemikali za roketi kilipolipuka, watu wawili wakafa na mamia wakajeruhiwa. Uzalishaji ukahamishiwa Utah. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, hapakuwa na mlipuko. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014, na madini ya risasi yakaingia kwenye udongo, maji na damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyowapa haki Desemba 2024.

Sasa zamu ni ya ng'ambo ya hori la Port Reitz. Dongo Kundu, upande wa Likoni, imetengewa eneo maalumu la kiuchumi, na barabara mpya inaiunganisha na Miritini bila kugusa kivuko cha Likoni. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale limekusudiwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, zaidi ya mara tano ya bomba la Mzima. Barabara, maji na gati vimekwisha kuwekwa kwenye ramani. Mkazi wa Mtongwe, upande huohuo wa Likoni, anayetaka kujua kama somo la Changamwe limesomwa aulizie ramani nyingine: ile inayoonyesha watakapolala wafanyakazi, kwenye ardhi yenye hati ya nani, na umbali gani kutoka kwenye ukuta wa kiwanda.