Mtazamaji ni Shahidi

Nahodha Kathryn Janeway amevaa glavu nyeusi. Sauti yake ni kavu, na anazungumzia mabavu kwa utulivu wa kutisha. Mtazamaji aliyemfuata tangu Star Trek: Voyager ilipoanza kurushwa Januari 1995 anashtuka, maana Janeway anayemjua ni mkali lakini ana utu. Kisha siri inafichuka: tumo ndani ya jumba la makumbusho kwenye sayari ya mbali, miaka 700 baadaye, na hivi ndivyo Wakyria, wenyeji wa sayari hiyo, wanavyomkumbuka. Onyesho linaendelea: silaha za kibiolojia zinatumika, mateka wanateswa, na mwishowe Janeway anamuua kwa mkono wake Tedran, shujaa wa Wakyria.

Sehemu hiyo inaitwa "Living Witness". Ilirushwa Aprili 1998, na aliyeiongoza ni Tim Russ, ambaye pia ndiye aliyeigiza nafasi ya Tuvok katika tamthilia hiyohiyo. Naihesabu miongoni mwa kazi bora kabisa za televisheni, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo tamthilia za sayansi ya kubuni zinalimudu kuliko fani nyingine. Zinamlea kiongozi mbele ya macho yetu msimu baada ya msimu, kisha zinamrusha karne kadhaa mbele na kumkabidhi kwa watu wasiowahi kumwona. Kitabu cha historia hutuletea shujaa aliyekwisha kuhukumiwa. Tamthilia hizi hutufanya kwanza mashahidi, ndipo zikatusomea hukumu. Filamu ya saa mbili haiwezi kutuumiza hivyo. Mpaka "Living Witness" inarushwa, tulikuwa tumekaa na Janeway zaidi ya miaka mitatu, tumemwona akikosea, akiomboleza wafu wake na kukataa njia za mkato za kurudi nyumbani. Kumsikia akisingiziwa kunatuuma kama kusikia ndugu yetu akisengenywa msibani.

Lakini waandishi hawakuishia kwenye kumsafisha. Quarren, msimamizi wa makumbusho, anafanikiwa kuiamsha nakala ya Daktari, tabibu wa Voyager, chombo cha Janeway, ambaye ni programu ya kompyuta yenye umbo la mtu. Daktari anatazama onyesho lile na kuja juu. Anaeleza kwamba Wakyria ndio waliokivamia chombo, na kwamba aliyemuua Tedran alikuwa balozi wa Wavaska, taifa jingine la sayari hiyo. Hapo ndipo uzito wa kisa unapojitokeza. Wakyria si waongo kwa ubaya wa moyo. Kwa karne nyingi wamekandamizwa na Wavaska, na kisa cha Janeway muuaji kimekuwa ushahidi wa dhuluma waliyotendewa. Ukimsafisha nahodha, unamchafua Tedran, na pamoja naye unalinyang'anya taifa zima maelezo ya mateso yake. Waswahili tunasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Daktari anagundua kwamba upendo wa binadamu haufuati nyuma ya ule wa Mungu. Ghasia zinazuka, makumbusho yanavunjwa, na yeye mwenyewe anakuwa tayari kufuta ushahidi wake ili damu isimwagike. Quarren ndiye anayekataa. Mkyria aliyekulia ndani ya hadithi ile ndiye anayesisitiza kwamba watu wake wanastahili kujua kilichotokea.

Miezi michache kabla, Oktoba 1997, J. Michael Straczynski alikuwa amempa shujaa wake mtihani mpana zaidi. Tamthilia yake, Babylon 5, ina sehemu 110, na 92 kati ya hizo aliziandika yeye. Baada ya kumjenga kwa subira John Sheridan, kamanda aliyeongoza uasi dhidi ya serikali ya kidikteta ya Dunia, aliufunga msimu wa nne kwa "The Deconstruction of Falling Stars", sehemu inayoruka kutoka kizazi hadi kizazi. Ushindi ukiwa bado mbichi, wachambuzi wanabishana kama muungano wa Sheridan utadumu. Baada ya miaka 100, wasomi wameketi mbele ya kamera wakimshusha hadhi. Baada ya miaka 500, serikali inatengeneza kwa kompyuta sura na sauti za Sheridan na wenzake ili waonekane wakatili, kwa manufaa ya vita inayokuja. Sisi ambao leo tunapokea video za kughushi kwenye simu zetu tunajua jinsi mwandishi huyo alivyoona mbali. Baada ya miaka 1,000, katika Dunia iliyoungua, mtawa kijana anatilia shaka kama watu hao waliwahi kuishi.

Katika safari yote hiyo, kinachonigusa zaidi ni kule kuingia kwa Delenn. Wasomi wakiwa katikati ya mjadala, anatokea mjane wa Sheridan, amezeeka sana, akiigizwa na Mira Furlan kwa heshima inayonyamazisha ukumbi. Hana nyaraka wala nadharia. Anawaambia tu kwamba mumewe alikuwa mtu mwema. Straczynski hakumpa hotuba ndefu, na hakuhitaji: tulikuwapo, na tunajua kwamba anasema kweli.

Ushahidi wetu, hata hivyo, si wa kutetea tu. Aprili hiyohiyo ya 1998, Star Trek: Deep Space Nine ilirusha "In the Pale Moonlight". Kapteni Benjamin Sisko, akiigizwa na Avery Brooks, anatutazama usoni na kurekodi alichofanya: ameshiriki kughushi ushahidi ili taifa la Waromula liingie vitani upande wake, na watu wamekufa kwa sababu hiyo. Huenda kitendo hicho kikaleta ushindi vitani, na mamilioni wakaokoka. Akimaliza, anaiamuru kompyuta ifute kumbukumbu yote. Katika ulimwengu wake, vizazi vijavyo vitamjua Sisko mshindi peke yake. Anayemjua Sisko mzima ni yule aliyekaa mbele ya televisheni.

Ndiyo maana nawasifu mafundi hawa bila kusita. Wangeweza kutupa sanamu tupige magoti, au shutuma tujione wajanja kuliko waliotutangulia. Wametupa kazi ngumu zaidi: kuwa Quarren anayekubali kupoteza hadithi aipendayo, kuwa Delenn anayesimama mbele ya wasomi, na kuibeba siri ya Sisko bila kumgeuza malaika wala shetani. Kiongozi anayestahili sifa hapungukiwi kitu akisimuliwa pamoja na makosa yake. Tukimpenda kweli, tumsimulie mzima.