Benson Wanjau na Kazi ya Kuwa Mzee Ojwang

Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Kwa zaidi ya miaka 30 watazamaji wa televisheni nchini Kenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang Hatari, mzee wa Kijaluo mwenye miwani mikubwa, mume wa Mama Kayai katika mchezo wa Vitimbi. Wako waliomcheka miaka na miaka bila kushuku kwamba Ujaluo wake ulikuwa wa kuvaa na kuvua.

Mhusika huyo alikulia Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali lililogeuka kuwa KBC mwaka 1989. Kabla ya KTN kufungua milango mwaka 1990, Kenya haikuwa na kituo kingine cha televisheni. Kwa hiyo mchezo wa Kiswahili ulionekana na kila kabila kwa wakati mmoja, na mwigizaji aliyekosea lafudhi ya watu fulani aliwakosea wenyewe wakimsikiliza. Wanjau alionekana pia katika mchezo mwingine, Vioja Mahakamani, lakini Vitimbi ndiyo iliyokuwa nyumba yake.

Ufundi wake ulianzia kinywani. Dholuo haina sauti ya "sh", na mzee wa Kisumu aliyejifunza Kiswahili ukubwani huweza kutamka "sida" pale wengine wanaposema "shida". Mkikuyu ana mtego wake mwingine: "r" na "l" humchanganya, na "b" au "d" hutangulizwa mvumo wa puani. Wanjau alilazimika kufanya kazi mbili kwa pamoja, kuficha lafudhi aliyozaliwa nayo na kujenga isiyo yake, tena bila kujikwaa hata anapopandisha hasira au anapodakizwa na Mama Kayai. Ni rahisi kuiga lafudhi kwa dakika mbili ili watu wacheke. Kuishi ndani yake kwa miongo ni jambo jingine kabisa. Wasomaji wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hawahitaji maelezo marefu hapa: sokoni Mnande, Mshi na mtu wa Kisangani hutambuana kabla sentensi haijaisha, na anayeigiza mwenzake vibaya hujulikana papo hapo.

Lafudhi peke yake isingetosha. Ojwang alikuwa na majivuno ya mwenye nyumba ambaye neno lake halisikilizwi nyumbani mwake, na hapo ndipo Mary Khavere, aliyeigiza Mama Kayai, alipomkamilisha. Mwigizaji wa aina hii hategemei sura nzuri wala ushujaa. Anategemea mwenzake wa kugombana naye. Hollywood iliwatambua mafundi wa namna hiyo mapema. Walter Brennan, aliyeshinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi mara tatu, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940, alianza kupewa nafasi za vikongwe akiwa bado hajazeeka, akisaidiwa na ukweli kwamba meno yake mengi yalikuwa yameng'oka. Afrika Mashariki haikuwa na studio kubwa za kumlea Brennan wake. Ilikuwa na televisheni ya taifa, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi ya studio.

Siasa za Kenya ndizo zinazoonyesha uzito wa alichofanya Wanjau. Oginga Odinga, kiongozi wa Wajaluo, alijitenga na serikali ya rais Jomo Kenyatta, Mkikuyu, mwaka 1966. Julai 1969 Tom Mboya, waziri Mjaluo, aliuawa Nairobi, na Oktoba mwaka huohuo watu walipigwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya rais. Tangu hapo uhasama wa Wakikuyu na Wajaluo ukawa mtaji wa wanasiasa, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika machafuko yaliyogusa makabila mengi. Katika nchi hiyo Mkikuyu aliingia sebuleni mwa Wajaluo akiwa amevaa utani juu yao, na walimpokea kama mzee wao. Dhihaka isingepokelewa hivyo. Watu hujua anayewacheka na anayewapenda, na Wanjau alimpenda Ojwang: hata alipomfanya mjinga, hakumwacha bila heshima.

Miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na Wakenya walichangia matibabu yake. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Taifa lilimlilia Ojwang. Jina la Wanjau wengi walilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Vijana wanaorekodi vichekesho kwa simu leo, Butembo kama Nairobi, watafute kipindi kimoja cha Vitimbi, wafunike kioo, wasikilize sauti tu. Darasa lote limo humo.