Ushujaa wa Angani na Ushujaa wa Msituni: Suala la Kumbukumbu katika Mau Mau General

Makala haya yanachunguza jinsi maandishi ya vita yanavyoteua shujaa wa kukumbukwa. Hoja inayotetewa ni kwamba uteuzi huo hautegemei ujasiri wa mhusika peke yake, bali pia mahali anaposimama msimulizi.

Waruhiu Itote alizaliwa Kaheti, katika eneo la Mukurwe-ini, Nyeri, lilipo pia soko la Gakindu. Mwaka 1942 aliingia jeshi la King's African Rifles, akapelekwa Burma. Mwaka mmoja kabla yake, Joseph McCarthy, kijana wa New York, alivuka mpaka akajiunga kwa hiari na jeshi la anga la Kanada, ilhali nchi yake haijaingia vitani. Wote wawili walimtumikia mfalme mmoja. Usiku wa kuamkia 17 Mei 1943, McCarthy alirusha ndege ya Lancaster kulishambulia bwawa la Sorpe, Ujerumani. Alitunukiwa nishani; Paul Brickhill akaandika habari za kikosi chake katika The Dam Busters (1951), na filamu ikafuata mwaka 1955.

Usimulizi wa Brickhill umo ndani ya ndege. Msomaji huwajua marubani kwa majina na mizaha yao. Mafuriko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 1,000, wengi wao vibarua wa kigeni waliolazimishwa kazi. Lakini kutoka angani mtu haonekani, huonekana maji tu.

Itote anasimulia kutoka chini. Kiini cha Mau Mau General (1967) ni mazungumzo ya Calcutta kati yake na Stephenson, askari Mmarekani mweusi, anayemwonya kwamba Wazungu watabaki mashujaa makwao, na Waafrika watasahauliwa mara vita vikiisha. Historia iliutilia onyo hilo kejeli chungu. Kuanzia Novemba 1953, ndege za Lincoln, zilizobuniwa kutokana na Lancaster, zilidondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Itote, sasa Jenerali China, alikuwa mlimani hadi alipokamatwa Januari 1954. Filamu ya kuwatukuza marubani ilipotoka, misitu hiyo ilikuwa bado ikipigwa.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuidadisi fani yake. Hotuba ya Stephenson imepangika mno kwa mazungumzo yaliyokumbukwa baada ya miaka zaidi ya 20. Inaelekea mwandishi amempa mhusika wake fikra zilizokomaa baadaye. Dosari hiyo haiuvunji ukweli wa kazi, bali inaonyesha kwamba kumbukumbu nayo hutungwa, kama alivyotunga Brickhill.

Kwa kuhitimisha, Itote alijiokoa na usahaulifu kwa kushika kalamu mwenyewe. Stephenson hakubahatika hivyo: aliyetabiri kusahauliwa kwa wengine, msomaji hamjui nje ya kurasa hizo chache.