Kitenzi na Picha: Lugha ya Mabishano ya Kandanda Mjini Thika

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezoea kuyatafuta majibizano mahali palipokwisha kutukuzwa. Huyatafuta katika tungo za Mombasa ya karne ya 19, zama za Muyaka bin Haji, katika ngoma za mashindano za beni, na katika kurasa za mashairi za magazeti, ambamo mshairi humjibu mwenziwe kwa vina vile vile alivyochokozwa navyo. Ni nadra mhakiki kuyatafuta katika kibanda cha video kilicho karibu na steji ya matatu, jioni ya Jumamosi, wakati watu arobaini wanapobishana iwapo mpira uliufuata mkono au mkono uliufuata mpira. Upungufu huu unatokana na imani kwamba mashabiki wa kandanda hupiga kelele tu, na kwamba kelele haina fani. Lakini mabishano ya mashabiki yana fani, tena fani yenye masharti. Kiini chake ni kitenzi, na hiyo ndiyo sababu mashine ya video, iliyoletwa ili iyakomeshe, imeshindwa kuyakomesha.

Thika yafaa kuchunguzwa kwa jambo hili kuliko miji mingi. Ni mji wa viwanda, na wafanyakazi wa mashamba ya mananasi na wa viwanda vya nguo, mafuta ya kupikia na chuma walitoka pembe nyingi za Kenya. Katika Makongeni au Majengo, na vivyo hivyo katika mitaa ya Ruiru iliyotanuka baada ya barabara kuu ya Thika kukamilika mwaka 2012, Mkikuyu, Mluo, Mluhya na Mkamba huishi katika ploti moja. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake. Wanapobishana kuhusu mpira hukutana katika Kiswahili, mara nyingi Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Kwa hiyo hapa Kiswahili hakitumiki kwa kununua na kuuza tu, kama baadhi ya wataalamu walivyopenda kudai kuhusu Kiswahili cha bara. Kinatumika kutetea heshima.

Mfano wa kwanza wa utetezi huo ni wa Gor Mahia na AFC Leopards. Klabu ya pili ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ya kwanza mwaka 1968. Mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila katika vyama na timu, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina lilibadilika, mashabiki hawakubadilika. Lakini jambo linalomhusu mhakiki wa lugha ni neno ambalo mashabiki wenyewe walilipa pambano hilo: mashemeji. Waluo na Waluhya ni majirani wanaooana, na shemeji, katika desturi nyingi za Afrika Mashariki, ni mtu wa utani. Mtu humtukana shemejiye, naye hana ruhusa ya kukasirika. Kwa neno hilo moja mashabiki walijiwekea sheria ya mchezo wa maneno kabla mtu yeyote hajafikiria kuwawekea. Si kwamba sheria hiyo haikuvunjwa. Machi 2012, katika uwanja wa Nyayo, kadi nyekundu aliyoonyeshwa mchezaji wa Gor Mahia ilizua ghasia na mechi ikasimama. Hata hivyo, siku zilizofuata, wanaojuana walirudi kuitana shemeji, na neno likaendelea na kazi yake.

Zamani hizo hoja zilitegemea redio. Shabiki wa Thika ambaye hakuwa na nauli ya kwenda Nairobi aliona kwa macho ya mtangazaji wa Sauti ya Kenya, na Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ni miongoni mwa waliowafunza wasikilizaji wengi kuuona uwanja kwa masikio. Mtangazaji alikuwa shahidi wa pekee. Akisema mpira umepaa juu ya mwamba, umepaa. Aliyetaka kubisha hakuwa na picha ya kuleta. Aliweza tu kumshtaki mtangazaji kwamba sauti yake ilipanda zaidi timu fulani ilipoingia katika eneo la hatari. Hapo ndipo ulipozaliwa uhakiki wa kwanza wa vyombo vya habari katika mitaa hiyo, nao ulikuwa uhakiki wa mtindo hasa: wasikilizaji walipima kiimbo.

Uhakiki huo umehamia sasa kwenye vitenzi. Tazama mabishano yanavyokwenda. Shabiki mmoja atasema, "Mlipewa penalti." Atajibiwa, "Hatukupewa, tulipata." Wa tatu ataingilia: "Sisi ndio tulionyimwa ya kwetu." Tukio ni moja, lakini vitenzi vitatu vinalipa historia tatu. Kupewa kuna mtoaji aliyejificha nyuma ya kiambishi cha kutendwa, na kila msikilizaji anajua kwamba mtoaji huyo ni refa. Kupata hakuna mtoaji, ni jasho la mchezaji. Kunyimwa ndicho kitenzi kikali kuliko vyote, kwa kuwa hakisemi tu kwamba kitu hakikupatikana. Kinadai kwamba kilikuwa haki ya mtu tangu mwanzo. Asiye na haki hukosa, hanyimwi. Shabiki anaposema timu yake imenyimwa penalti amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuleta ushahidi, na mpinzani aliye stadi hahangaiki na ushahidi. Hukivamia kitenzi: "Mlinyimwa au mlikosa?"

Huo ndio ufundi wa utanzu huu. Kama katika kujibizana kwa washairi, mjibuji hulazimika kulipokea neno la mwenziwe na kulipindua. Anayebadili mada anazomewa. Kuhusu bao ni vivyo hivyo. Bao "lililokataliwa" lilikuwapo, bali mtu alilikataa. Bao "lililofutwa" liliandikwa kwanza, kisha likaondolewa. Na yupo atakayesema kwa ukavu, "Halikuwa bao," akawanyang'anya wenzake hata kitu cha kulilia. Sentensi hiyo ya mwisho, fupi kuliko zote, ndiyo inayoumiza zaidi, na wazee wa mabishano huitumia kwa uangalifu kama mtu anayeweka karata ya mwisho.

Magazeti ya Kiswahili yana lawama yake hapa, ingawa siyo ile ambayo mashabiki huwatupia kila Jumatatu. Mashabiki husema mwandishi fulani ni wa Arsenal au wa Manchester United. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Lililo wazi zaidi ni mazoea ya lugha: klabu kubwa ikishinda "hunyuka", "hupepeta", "hutandika", klabu hiyo hiyo ikishindwa, mara nyingi ushindi "huponyoka" mikononi mwake, kana kwamba mpinzani hakuwapo uwanjani. Klabu ndogo haipewi ushindi wake kisarufi. Mwandishi anaweza kuwa mwadilifu kabisa moyoni na bado akaandika hivyo, kwa sababu amerithi vitenzi pamoja na meza aliyokalia. Wingi wa vitenzi vya vipigo, kwa kweli, umeanza kuwa umaskini, na mashabiki huvichukua vyote bila kuchambua.

Upendeleo mwingine ni wa kimya. Thika ilikuwa na timu yake katika ligi kuu, Thika United, hadi iliposhushwa daraja mwaka 2018, na Bidco United ya mji huo huo ikapanda kwa msimu wa 2020/21. Mwaka 2017 kituo cha SuperSport kilijitoa katika kuonyesha ligi ya Kenya, na picha za mechi za nyumbani zikapungua. Hivyo ikawa kwamba shabiki wa Makongeni aliweza kupima kwa sentimita bega la mshambuliaji aliyecheza London, na akashindwa kuonyeshwa mara ya pili faulo iliyotendeka uwanjani mtaani kwake. Anayeonewa mahali pasipo kamera hana pa kukatia rufaa. Ana kitenzi tu.

Na walio na kamera? Majaribio ya refa wa video yaliruhusiwa mwaka 2016, mfumo ukaingizwa katika sheria za mchezo mwaka 2018 na kutumika katika Kombe la Dunia nchini Urusi, kisha ukaingia ligi kuu ya Uingereza katika msimu wa 2019/20. Ahadi ilikuwa kwamba picha ingesema yenyewe. Lakini sheria iliyouidhinisha iliweka mlangoni bawabu ambaye ni maneno: video iingilie tu pale penye kosa lililo wazi na dhahiri, au jambo zito lililompita refa. Mashabiki hawakuhitaji kusoma itifaki kwa Kiingereza ili waione kasoro. Wazi kwa nani? Kosa likiwa wazi, mbona watu watatu wanalitazama kwa dakika nne? Swali hilo, linaloulizwa kwa dhihaka kwenye mabenchi ya vibanda, ni swali la semantiki, na halijajibiwa na mamlaka yoyote ya mpira kwa namna inayotosheleza.

Mechi ya Tottenham na Liverpool ya tarehe 30 Septemba 2023 inafaa kuwekwa katika mtaala wa isimu. Kwanza, mchezaji wa Liverpool, Curtis Jones, alionyeshwa kadi ya njano, kisha refa akaitwa kwenye skrini na kadi ikawa nyekundu. Kocha wake, Jürgen Klopp, alilalamika kwamba picha iliyogandishwa na kupunguzwa mwendo hulifanya tukio lionekane baya kuliko lilivyokuwa. Msomaji wa riwaya anaijua mbinu hiyo. Msimulizi anapousimamisha wakati juu ya kisu, msomaji hawezi tena kuamini kwamba kisu kilikuwa cha kukatia mkate. Pili, ikiwa bado 0-0, Luis Díaz alifunga, na msaidizi wa refa akainua kibendera cha kuotea. Waliokuwa kwenye video waliangalia, wakaona kwamba hakuotea. Picha ilikuwa sahihi na macho yao yalikuwa sahihi. Lakini walidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa bao, kwa hiyo wakamwambia refa kwamba ukaguzi umekamilika, maana yake uamuzi ubaki ulivyo. Refa alielewa: ameotea. Mpira ukaanzishwa upya, na bao halali likapotea. Liverpool ilifungwa 2-1, chama cha waamuzi kikakiri kosa la kibinadamu, na sauti za mazungumzo yao zikatangazwa Oktoba 3. Mtambo wa mamilioni ulishindwa kwa sababu kishazi kimoja hakikutaja kitu kinachokamilishwa. Mwalimu yeyote wa sarufi angelisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Katika mabishano ya Thika tukio hilo limekuwa kama methali. Hutajwa bila kusimuliwa. Aliyeshindwa kwa picha hulitaja ili kuikana picha. Lile la Nottingham Forest hutajwa pia: Aprili 2024, baada ya kufungwa 2-0 na Everton, klabu hiyo ilitangaza hadharani kwamba refa wa video alikuwa shabiki wa Luton, mpinzani wake katika kuponea kushushwa daraja, na ikaja kutozwa faini ya pauni 750,000. Kwa wabishi wa Thika hilo lilikuwa kama kuthibitishiwa walichokisema tangu enzi za redio, kwamba nyuma ya kila jicho yupo mtu mwenye kwao. Hoja yao ina udhaifu, kwa maana kuwa na kwao si ushahidi wa kupendelea, na wengi wao hawajali tofauti hiyo. Mhakiki hana sababu ya kuwatetea hapo.

Kuna pia kisa cha Afrika, ambacho mashabiki wa Gor Mahia hukisimulia kwa utamu wa pekee kwa kuwa wanaijua Espérance ya Tunis. Ndiyo waliyoishinda kwa mabao ya ugenini mwaka 1987 na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika. Mei 31, 2019, huko Radès, katika fainali ya klabu bingwa, bao la kusawazisha la Wydad ya Casablanca lilikataliwa. Wachezaji wakadai picha itazamwe. Mtambo ulikuwa haufanyi kazi, wakagoma kuendelea, na mzozo ukaishia mbele ya mahakama ya michezo. Hapo picha isiyokuwapo ilizua ugomvi kuliko picha yoyote iliyowahi kuonyeshwa.

Agosti 2025 mashine yenyewe iliteremka barabara ya Thika. Mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda yaliletwa Kasarani, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Ruiru, na refa wa video alikuwapo. Kenya ilitoka sare 1-1 na Angola, ikaishinda Morocco 1-0, na katika mechi zote mbili ilimaliza ikiwa na wachezaji kumi. Katika siku hizo mashemeji walikuwa upande mmoja, na nafsi ya kitenzi ikabadilika: badala ya "mlipewa" na "tulinyimwa" ya majirani, ikawa "wanatunyima", na "wa-" hiyo haikuwa na uso. Kenya ilipotolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali ya Agosti 22, "wa-" hiyo isiyo na uso ililaumiwa hadi usiku wa manane, kwa kuwa hapakuwa na shemeji wa kuibeba lawama na kuirudisha kwa kicheko.

Kinachosalia kwa watafiti ni kazi ya kukusanya, na kazi hiyo haijaanzwa. Methali za Kiswahili zimekusanywa mara nyingi. Mabishano haya, ambayo huzaliwa na kufa kila wiki, hayana hata daftari moja. Wakati huo huo msamiati wake umekwisha kutoka vibandani. Konda na abiria wanapogombea chenji katika matatu ya Ruiru, abiria wa kiti cha nyuma hupaza sauti: "Twende VAR!" Hapana kamera ndani ya gari hilo. Wanaoitwa kutoa ushahidi ni abiria wenzao, na kila mmoja ana kitenzi chake.