"Hesabu haina luga": sentensi yenye kutudanganya

Wandugu, kuko sentensi moja yenye tunapenda sana kurudilia, hata kati yetu wenye lisanse: "Hesabu haina luga, mbili na mbili ni ine fasi yote." Ni kweli, jibu ni moja Bukavu, Kinshasa ao Beijing. Lakini mtoto hajifunzi jibu tupu. Anajifunza kwa maneno yenye kulibeba, na maneno njo luga.

Tukamate 75. Mufaransa anasema soixante-quinze, ni kusema sitini na kumi na tano. Sisi, sawa na Wabelgiji, tunasema septante-cinq. Kiswahili sanifu kinasema sabini na tano, na sabini ilitoka Kiarabu. Lakini mama wa sokoni akisema "makumi saba na tano", amekwisha kufundisha somo lote bila chaki: makumi ni saba, mamoja ni tano. Ile Kiswahili yetu yenye batu banachekaka inaonyesha namba waziwazi kupita kitabu. Vingt haionyeshi kitu, mtoto anaikamata kwa kichwa tu. Makumi mbili inajieleza yenyewe.

Sasa mwanafunzi anafungua video ya Ufaransa ju arudilie somo, anasikia quatre-vingt-dix-sept. Mbele ya kuhesabu, anapaswa kwanza kutafsiri: ine mara makumi mbili, ongeza kumi na saba, paka afikie nonante-sept yake. Kazi mbili, na pointi zinatolewa kwa moja tu.

Na kwenye problème njo mambo inaharibika zaidi. "Mama alitumia robo ya pesa, kisha theluthi ya yenye ilibaki." Useme vile kwa mtoto mwenye kutumwaka sokoni, ataelewa mama alifanya nini. Uandike le tiers du reste, anaganda. Neno reste njo lilimuangusha, lakini kwenye bulletin wanaandika: zaifu katika hesabu. Akirudilia darasa, wazazi wanaamini hana akili.

Sheria inajua hii shida. Katiba ya 2006 inataja luga ine za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali zitumike kwa kufundisha. Lakini sisi wenyewe, tukitafuta shule ya watoto wetu, tunauliza kwanza kama wanasema Kifaransa tangu maternelle.

Wengine wanasema Kiswahili hakina maneno ya hesabu. Apana. Watanzania wanafundisha primer na pembetatu, asilimia, wastani, na mtu akisikia pembetatu anajua pembe ni ngapi. Ila na kwao, kwenye sekondari luga ya kufundishia inakuwa Kiingereza. Tena Kiswahili si dawa ya wote: mtoto wa Walungu analala na kuamuka na Mashi, wa Butembo na Kinande.

Kuko kitabu kimoja cha 1967, cha John Gay na Michael Cole, juu ya watu wa Kpelle kule Liberia. Watoto walikuwa wanashindwa hesabu ya shule. Lakini walipoomba watu wakisie bakuli ina vikombe ngapi vya mchele, wakulima wa Kpelle walipita Wamarekani mbali. Kitabu kizuri, lakini kichwa chake kinakosea: kinaita hesabu "mpya" na utamaduni "wa zamani". Kupima mchele si mambo ya zamani, njo kazi ya leo ya kila soko letu. Sisi pia tunafanya vile tukijisifu na mfupa wa Ishango, wenye ulipatikana karibu na ziwa Edward mwaka 1950 na wenye uko Bruxelles. Tunasifu alama za miaka 20.000 hivi, na tunazarau murongo wa mama wa leo.

Kwetu wa kilimo, deni hii inalipwa shambani. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 umeandikwa 17-17-17. Ni kusema kilo 8,5 za azote ndani. Mkulima mwenye alisoma pourcentage kama formule ya kukariri hawezi kuisoma. Anajua murongo na hatua za mguu, sisi tunamwambia kilo kwa hektari, kisha tunasema ni mugumu. Anatia mingi pesa ipotee, ao kidogo mavuno ikose.

Kuacha Kifaransa si lazima, tutakihitaji. Lakini mwalimu aanze problème na luga ya mtoto, kisha alete neno la Kifaransa juu ya kitu chenye kimekwisha eleweka. Na sisi maagronome, mbele ya kutaja hektari, tupime kwanza murongo wa mbolea kwa balanse pamoja na mkulima. Murongo wa maharagi na wa mbolea hauna kilo moja. Ile tofauti peke yake ni somo zima, na yeye atatuelewa haraka ju murongo ni wake.