Ukiandika “mama” kwenye Vim

Kwa miaka sita nilihifadhi simulizi zangu katika programu moja kubwa ya kuandikia. Leseni yake ilipoisha, niliweza kuzisoma lakini si kurekebisha hata nukta. Tena ilikuwa na tabia ya kupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, utadhani lugha nzima ni kosa. Nikatafuta programu ya maandishi matupu: herufi tu, faili ambayo kompyuta yoyote itaifungua.

Notepad ingetosha. Nikachagua Vim, iliyotolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991 kwa kufuata vi, kazi ya Bill Joy ya mwaka 1976.

Niseme wazi: Vim haina ukarimu. Ukiifungua, kila herufi ni amri. Andika “mama”, hutaona kitu; m na a zimeweka alama ya siri pale kishale kilipo, mara mbili. Andika “baba”: b inakurudisha neno moja nyuma, a inafungua mlango wa kuandika, ukurasani inabaki “ba”. Kumbe ulipaswa kubonyeza i kwanza. Kwa rasimu ya kwanza, wakati mawazo bado yana haraka, huu ni usumbufu mtupu.

Lakini kwenye kuhariri, sijaona mfano wake. Herufi tatu, das, zinakata sentensi nzima, na nimegundua ni sentensi ngapi zangu hazikuwa na kazi. (Angalizo: kwake nukta ikifuatwa na nafasi ni mwisho wa sentensi, hivyo ukikata habari za Bi. Zuhura, “Bi.” atabaki peke yake.) Na mstari mwekundu haupo mpaka uuombe.

Kinachonikera kiko kwenye skrini ya kwanza. Kwa miaka mingi Vim imewasalimu watumiaji wake duniani kote kwa ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Moolenaar hakuwa mnafiki: mwaka 1994 alikwenda mwenyewe kujitolea Kibaale, na programu akaigawa bure, akiomba tu mchango kwa ajili ya watoto hao. Alifariki mwaka 2023. Namheshimu. Ila mimi nasoma salamu ile nikiwa nchi jirani, na kila asubuhi jirani yangu anatajwa kwa umaskini wake tu, kabla sijaandika neno.

Amri ya kuificha ipo. Sijaitumia.