Etimolojia za Majina ya Mahali Kandokando ya Ziwa Naivasha

Yako mazoea, hata miongoni mwa wasomi, ya kulikata jina la mahali vipande, kisha kulitafutia neno linalofanana nalo katika lugha ya mchunguzi mwenyewe. Makazi ya Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, yaonyesha hatari ya mazoea hayo. Ka- ni kiambishi cha udogo katika Kikuyu. Lakini ka- hutokea pia mwanzoni mwa majina ya Kikalenjin, mathalani Kabarnet, ambako huhusiana na maskani. Umbo peke yake, basi, halitoshi kutolea hukumu.

Majina jirani yana ushahidi ulio imara zaidi, kwa kuwa sarufi ya Kimaasai ingali ndani yake. Olkaria ni ol-karia, udongo mwekundu wa kujipaka, na ol- ni kiambishi cha jinsi ya kiume. Naivasha ni Enaiposha, maji yachafukayo kwa mawimbi. Hapa e- ya jinsi ya kike imedondoka, na p imegeuzwa v. Walioyaandika majina haya hawakufuata kanuni moja: hili waliliachia kiambishi chake, lile wakalinyang'anya.

Uholanzi kazi hii ni nyepesi kidogo. Amsterdam, yaani boma la kuzuia maji ya mto Amstel, limo katika hati ya mwaka 1275. Naivasha ilipitiwa na Gustav Fischer na Joseph Thomson mwaka 1883 tu, wakiongoza misafara ya watu wa pwani. Fischer aliachiwa mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, ndani ya korongo ambalo tayari lilikuwa na jina lake, Ol Njorowa. Hifadhi ya taifa iliyoanzishwa hapo mwaka 1984 ikaitwa Hell's Gate!

Suala hili halikomei katika taaluma. Wamaasai waliondolewa bondeni kwa mkataba wa 1904. Januari 2008 damu ilimwagika Naivasha na Nakuru. Katika hali hiyo etimolojia hutolewa kana kwamba ni hati ya shamba. Jina huthibitisha kwamba lugha fulani ilisemwa mahali hapo. Halimtaji aliyetangulia kufika, wala mwenye haki ya kukaa. Anayeligeuza jina Nakuru kuwa neno la lugha yake, ili afute nyayo za Enakuro, yaani mahali pa vumbi, hudhulumu. Naye anayetaka Enakuro imfukuze jirani yake amelitwisha neno mzigo lisiouweza.

Kazi ya kwanza ni kunasa matamshi ya wazee wasemaji kabla ya kuandika maana yoyote. Kimaasai ni lugha ya toni, na ramani hazionyeshi hata moja.